Sufuria za Nyar Kisegi

Mwanangu, nakumbuka Jumapili moja pale Rodi Kopany, ndoa yangu ikiwa na miaka minne, nilipopanga sufuria mpya juu ya meza ya mwanamke mwingine, nikazifunika kwa kitambaa cheupe, na nikaapa moyoni kwamba hakuna hata moja itakayoguswa na moto siku hiyo. Kitambaa kilikuwa changu. Meza ilikuwa ya Min Apiyo. Jambo hilo, kwamba meza haikuwa yangu, nilichelewa sana kulielewa.

Juzi ulinipigia simu kutoka Migori ukaniuliza, "Mama mkubwa, kwa hii pati ya vyombo lazima nipike, ama naeza ruka hiyo stori?" Nikakuambia nitakujibu. Najua uliona nimezeeka, kwamba swali la ndiyo au la linanichukua siku tatu. Sikuchelewa kwa uzee. Swali lako lina jibu fupi, lakini jibu hilo fupi nililitumia mimi mwenyewe zamani, likanipa sifa ambayo mpaka leo sijaivua. Basi keti, jibu refu ndilo hili.

Unajua kwetu mwanamke akiolewa watu huacha kumwita jina lake, wakamwita kwa mahali alikotoka. Mimi nilitoka Kisegi, kule Suba Kusini, nikaolewa Rodi Kopany, kwa hiyo nikawa Nyar Kisegi, yaani binti wa Kisegi. Ni jina zuri ila lina mzigo wake. Ukipika vizuri, watu husema Kisegi wanajua kufunza mabinti zao. Ukiunguza mboga, Kisegi nzima inanuka moshi, pamoja na shangazi zako ambao hawajawahi kukanyaga Rodi. Wakati huo mimi sikuuona mzigo. Niliona jina tu, na nilitaka lijulikane.

Kulikuwa na kampuni moja ya vyombo, siku hizi haipo tena, iliyokuwa ikiwafunza wanawake pale Homa Bay mjini namna ya kuuza sufuria za nonstiki majumbani. Hukuhitaji duka. Ulimtafuta mwenyeji, yeye akawaita rafiki zake sebuleni kwake, wewe ukapika mbele yao kwa vyombo vile, wakaonja, wakaandikisha oda. Mwenyeji alipewa sufuria moja kama shukrani. Ajenti aliyefanya vizuri alipewa beji ya kiongozi wa kikundi, ya kubandika kifuani. Usinicheke. Beji ile niliitamani kuliko nilivyotamani kitanda kipya, na kitanda chetu kilikuwa kimefungwa kwa kamba.

Tulifunzwa kukaanga yai bila mafuta na kuoka keki juu ya stovu. Mwalimu wetu alikuwa kijana mtanashati kutoka Nairobi, ana shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kwapa. Yai liliteleza huku na huku, nasi tukampigia makofi. Hakuna aliyemwuliza kuhusu ugali. Nadhani kila mmoja wetu alifikiri mwenzake atauliza.

Nilipofika nyumbani na zile sufuria za maonyesho, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kusonga ugali. Wewe unaujua ugali wa kwetu, mwanangu. Unaongeza unga mpaka mwiko unasimama wenyewe, kisha unaukandamiza, unaugeuza, unaukandamiza tena, na jasho linakutoka. Sufuria ya kawaida haina mpini. Ina ukingo, unaubana kwa kitambaa, sufuria inatulia, kazi inaendelea. Hii mpya ilikuwa na mpini mmoja mrefu, mzuri wa kutazama, ulioshikwa kwa skrubu moja. Nilipokandamiza mara ya tatu, sufuria ikazunguka pamoja na mwiko wangu. Mara ya nne mpini ukaanza kucheza. Nilipoupakua ule ugali nikaona na rangi nyeusi ya ndani imechubuka. Nikaiosha, nikachukua bisibisi ya mume wangu, nikaikaza ile skrubu, nikairudisha sufuria kwenye boksi lake, na sikumwambia mtu.

Hapo ndipo kosa lilipo, usilitafute mbele. Mbele utakuta mambo ya kuchekesha zaidi, lakini kosa langu lilikuwa ile bisibisi.

Nikaenda kwa Min Apiyo, yaani mama yake Apiyo. Huyu alikuwa mama wa makamo, jirani yetu, Msabato wa kweli kweli, wa kupika chakula cha Jumamosi siku ya Ijumaa na kuosha vyombo vyote kabla jua halijazama. Mimi Mkatoliki, na tulitaniana kuhusu jambo hilo bila kukosana. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akikuambia kesho mvua itanyesha, ulianua nguo leo. Kwa sababu hiyo nilimchagua yeye, ingawa nilijidanganya kwamba nimemchagua kwa sababu sebule yake ni pana.

Nilimweleza kwamba sufuria hizi hazishikishi, kwamba mboga zake za Ijumaa akizipasha Jumamosi hazitaganda chini. Hilo lilikuwa kweli. Nilianza na kweli, kama waongo wengi. Akaniuliza, "Na utapika nini, wageni waonje?"

Nikamjibu, "Mama, siku hizi mauzo hayapikwi. Yanazungumzwa."

Akanitazama kidogo. "Yanazungumzwa," akarudia, kana kwamba anaweka neno hilo kwenye kabati. Kisha akakubali.

Tulichagua Jumapili alasiri, saa ambayo sisi Wakatoliki tumetoka misa na Wasabato wamemaliza kufua. Wakaja wanawake kama kumi na watano. Wengi walikuwa Wajaluo, ila alikuwapo mke wa mwalimu wa shule, mtu wa Bungoma, na alikuwapo Mama Chacha, Mkuria aliyeuza maharagwe sokoni. Kwa ajili ya hao wawili tukatumia Kiswahili, kile chetu cha kuunga. Niliwapa soda na biskuti. Niliona mmoja akichungulia kuelekea jikoni, akaona hakuna moshi, akarudisha macho kwenye biskuti yake kwa huzuni.

Nikafunua kitambaa, mwanangu, na kusema kweli nilizungumza vizuri. Nilizungusha sufuria mkono kwa mkono, wakazipima uzito, wakajitazama kwenye vifuniko. Nilisimulia yai, nikasimulia keki, nikasimulia mafuta watakayookoa na mawaya ya kusugulia ambayo hawatayanunua tena. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Nilipita kandokando ya ugali jinsi mtu anavyopita kandokando ya mbwa aliyelala.

Ndipo Mama Chacha akainua sufuria moja, akaushika mpini, akautikisa. "Hii inasonga ugali," akauliza, "ama inaangaliwa tu?"

Hilo ndilo swali walilokuwa nalo wote, wamelikalia. Nami nikajibu upesi, "Mama Chacha, kwani wewe ulipoolewa ulimwuliza mzee kila kitu siku ya kwanza?"

Wakacheka, mwanangu. Wakacheka mpaka mmoja akamwaga soda kwenye leso. Nilijifunza siku hiyo kwamba kicheko ni kifuniko kizuri kuliko vyote vilivyokuwa mezani pale. Mama Chacha alitabasamu kidogo kwa heshima, akairudisha sufuria mahali pake, na hakuandikisha oda. Wengine waligeuka wakamtazama Min Apiyo, aliyekuwa ameketi kando ya mlango. Hawakumwuliza lolote. Yeye akasema tu, "Nyar Kisegi anasema ni nzuri." Hapo wakaanza kuandikisha, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikadhani ni ulimi wangu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi changu nilikitembeza kwa miguu ya mtu mwingine.

Sufuria zikaletwa. Beji nikapewa. Niliivaa hata nikienda kusaga unga. Min Apiyo alipewa sufuria kubwa ya shukrani, na kwa vile aliamini ameingia wakati mpya, ile sufuria yake kuukuu ya aluminiamu, nyeusi kwa masizi, iliyomlea Apiyo na ndugu zake wote, akampa jirani. Nilikuwapo alipoitoa. Ningeweza kusema neno moja tu, "Mama, hiyo usiitoe." Nilikuwa nimevaa beji.

Sasa sikiliza. Apiyo, binti yake wa kwanza, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Ogwedhi, kule mpakani mwa Narok, watu wa ng'ombe na soko la mifugo. Siku ikapangwa wazee wa kijana waje kupanga habari ya mahari. Kwa Kijaluo meko tunayaita kendo, na kuoa pia tunakuita kendo. Kwa hiyo kitakachoharibika mekoni siku ya wakwe si kitu kidogo. Wakwe hawaji kula tu, wanakuja kuonja nyumba.

Wanawake wale wale wa pati wakaja kusaidia, na kila mmoja akaja na sufuria yake mpya, kwa fahari. Zilipendeza pale jikoni, zimepangwa ukutani. Samaki akapikwa ndani yake, akatoka bila kuchanika hata gamba. Mboga zikatoka. Min Apiyo akanitazama akaniambia, "Kumbe ulisema kweli." Neno hilo lilinichoma, na bado linanichoma, kwa sababu ugali ulikuwa haujafika.

Ugali ulipofika nikauchukua mwiko mimi. Wenzangu walidhani ni bidii. Nilifikiri kwamba kwa kuwa naijua sufuria ile, nitaisonga polepole, kwa hila. Lakini ugali wa wakwe ni mwingi, na mwingi hauna hila. Sufuria ikazunguka. Nikamwambia mke wa mwalimu ashike mpini kwa mikono miwili. Akashika. Nikakandamiza, na mpini ukabaki mikononi mwake, akausimamisha mbele ya kifua chake kama mshumaa. Tukajaribu kuibana kwa kitambaa, lakini ubavu ulikuwa laini, hauna ukingo, inateleza juu ya mafiga. Tukajaribu nyingine, nayo ikawa vivyo hivyo. Min Apiyo akamtuma mtu kwa jirani kuiomba ile sufuria nyeusi, mlango ukakutwa na kufuli, jirani amekwenda Migori. Na wageni walikwisha nawa mikono.

Tukapeleka ugali jinsi ulivyokuwa, mlaini, umelala kwenye sahani umejikunja. Mzee wa Ogwedhi akamega, ukamshuka kwenye kidole mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akautazama. Hakuwa mtu mbaya, nataka ujue hivyo. Aliuliza kwa upole, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mama, huku kwenu uji mnakula na mkono?"

Wenzake wakacheka chini chini. Mume wa Min Apiyo akacheka pia, ilimbidi. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la maji ya kunawa, nikaona Min Apiyo akiinamisha kichwa. Nyuma ya jikoni Apiyo alikuwa analia, amejifunika kanga usoni ili asisikike. Wale wazee wakala samaki, wakashukuru, wakaaga wakiwa bado hawajataja siku ya kuleta ng'ombe. Walisema watatafakari. Mwanangu, kwa wakwe neno kutafakari ni refu sana.

Jioni ile nilisema ni bahati mbaya. Nilisema labda skrubu zililegea njiani kutoka Homa Bay. Wanawake wenzangu walinipa pole. Nilipokea pole zao zote.

Siku tatu baadaye Min Apiyo aliniita. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi, hakunipa kiti, nami nikachutama tu nikaanza kupukuchua pamoja naye. Tulipukuchua muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa Kijaluo, nami nakutafsiria, "Ulijua?"

Nilikuwa na majibu matatu tayari. Niliyabuni njiani. Lakini aliliuliza swali lile bila hasira, kama anavyouliza kama chumvi imekwisha, na majibu yangu yakaniishia mdomoni. Nikasema, "Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya kuja kwako."

Akaendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likaisha, akalitupa kwenye rundo. Ndipo aliposema maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote. "Nyathina," akaniita, yaani mtoto wangu, "wale wanawake hawakuja kwa sababu ya sufuria. Hawakuja hata kwa sababu yako, maana wengine hawakujui. Walikuja kwa sababu mimi niliwaita. Ulichokiuza siku ile ni uso wangu, na hukuniuliza kama nauuza."

Nililia, sitaki kukuficha. Yeye hakunibembeleza. Alingoja nimalize, kisha akaniambia, "Jumapili ijayo nitawaita tena, wote, hapa kwangu. Sufuria utazipanga juu ya meza ile ile. Hutapika. Ulisema mauzo ya kisasa yanazungumzwa. Basi utazungumza."

Nilimwomba anisamehe hilo. Nilimwambia heri anipige. Akasema yeye ni Msabato, hapigi watu, na akanipa gunzi lingine.

Jumapili ikafika. Wanawake wale wale, meza ile ile, kitambaa kile kile nimekifua. Sufuria mbili hazikuwa na mipini. Sikuvaa beji. Mama Chacha naye alikuwapo, ameketi mbele kabisa, mikono juu ya mapaja. Min Apiyo akasema, "Nyar Kisegi ana neno," akaketi kando ya mlango kama siku ile ya kwanza.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema. Mimi ulimi wangu siku hiyo ulijikwaa kwa kila neno. Niliwaambia sufuria hizi hazisongi ugali. Niliwaambia mpini una skrubu moja na hautamhimili mwanamke anayekandamiza. Niliwaambia mwiko mkavu unachubua ile rangi ya ndani, na kwamba niliyajua hayo kabla ya kuzileta, nilijaribu kwangu, nikakaza kwa bisibisi, nikanyamaza. Niliwaambia kilichompata Min Apiyo mbele ya wakwe zake nilikileta mimi, na haikuwa bahati mbaya. Kisha nikasema zinachoweza: yai, mboga, samaki wa mchuzi, wali kidogo, maziwa yasiyoungua. Nikasema atakayetaka kurudisha yake nitaipeleka mwenyewe Homa Bay. Halafu nikabaki nimesimama.

Hakuna aliyetaka kunisaidia kwa kicheko. Mke wa mwalimu aliinuka akaweka mezani mpini aliokuwa amebaki nao, akaketi. Wengine walirudisha. Wengine walisema watabaki nazo kwa mboga. Mmoja aliniambia maneno makali kwa Kijaluo, na nilistahili.

Mwishowe Mama Chacha akanyoosha mkono akachukua sufuria ndogo, akaigeuza akatazama chini yake. "Sasa umejibu," akasema. "Hiyo ya mboga niandikie moja."

Hiyo ndiyo oda pekee niliyopata siku hiyo, na ndiyo pekee katika zote ambayo naweza kusema niliuza mimi. Baadaye Min Apiyo akaleta ugali na dagaa wa omena, ugali mgumu wa kukatika, uliosongwa katika ile sufuria nyeusi. Alikuwa ameenda kwa jirani kuikomboa, amempa ya shukrani badala yake, na kumweleza wazi kwamba ni ya mboga tu. Tukala sote. Sikuweza kumeza vizuri lakini nilikula, kwa sababu aliniwekea sahani.

Wale wazee wa Ogwedhi walirudi baada ya mavuno. Min Apiyo alituma mtu akawaeleze ilivyokuwa, bila kuficha jina langu, na yule mzee akasema nyumba inayokiri ugali wake haiwezi kuficha binti mgonjwa. Apiyo yuko Ogwedhi mpaka leo, ana wajukuu. Akipeleka chakula mezani bado kuna mtu atakayemwuliza kama ni uji.

Beji niliirudisha. Kampuni nayo haikudumu, lakini hiyo si hadithi yangu.

Hadithi yangu ni jina. Maana wanawake walinisamehe, wengine mapema, wengine wakachelewa, lakini midomo ya watu haina kufuli. Kidogo kidogo pale Rodi, kitu kikiwa kinapendeza na hakifanyi kazi, watu wakaanza kusema, "Hiyo ni Nyar Kisegi." Mwavuli unaopinduka kwa upepo wa kwanza, Nyar Kisegi. Viatu vinavyokufa baada ya harusi moja, Nyar Kisegi. Kuna mwaka hata mwaniaji mmoja wa udiwani aliitwa hivyo, na sitakuambia kama walikosea. Maji yakimwagika hayazoleki. Waliokuwa wakinifahamu walikufa au walihama, neno likabaki, na sasa linatumiwa na watu ambao hawajui kwamba Kisegi ni mahali. Wadogo zangu walioolewa upande huu walikuta jina limekwisha tumika. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba wao hawakuuza chochote.

Mwaka jana nilikwenda sokoni Rodi kununua tochi. Muuzaji alikuwa msichana wa rika lako, simjui wala hanijui. Nikachukua moja nzuri, ya rangi ya fedha, nzito mkononi. Akainyakua kutoka kwangu kwa upole. "Mathe, achana na hiyo," akaniambia. "Hiyo ni nyar kisegi. Inang'aa tu, betri inakufa hata haujafika home. Chukua hii mbaya, hii inafanya."

Nikamwuliza nyar kisegi ni nini. Akafikiri. "Ni kitu ya kuonekana tu," akasema. "Lakini mimi siwezi kukuuzia hivyo na ni mimi nitakuona kesho."

Nilisimama pale, mwanangu, na sikujua kama nicheke. Mtoto wa watu alikuwa ameshika bidhaa yake mwenyewe mkononi, mteja yuko tayari, naye anamwambia mteja ubovu wake, na neno alilolitumia kusemea kweli lilikuwa jina langu. Nikanunua ile mbaya. Ninamulika nayo mpaka leo.

Basi swali lako. Unaweza kufanya pati ya vyombo bila kupika? Unaweza, mwanangu. Watu wengine hawana gesi, wengine sebule ni ndogo, wengine wageni wana haraka. Moto si sheria. Lakini jiulize kwanza kwa nini hutaki kuwasha. Kama ni kwa sababu ya moshi au watoto, sawa. Kama ni kwa sababu unajua moto utasema nini, basi hiyo ndiyo bisibisi yangu, na itakufikisha nilikofika. Pikia chombo hicho kwako kabla hujakipeleka kwa mtu, tena upike kile ambacho watu wa hapo wanakula kila siku, usipike yai. Ukifika, wape watu wakishike, wakitikise, na yule anayetikisa sana usimfanyie mzaha, huyo ndiye mteja wako. Waambie kisichoweza kabla hujawaambia kinachoweza. Mwombe mwenyeji akitumie mwezi mmoja kwanza, ndipo azungumze yeye mwenyewe, na kama ana lawama azitoe mbele yako. Na hata usipopika kwa kuonyesha, pika kwa kulisha. Mgeni hatazami meko baridi akaondoka na moyo wa moto, na biskuti si chakula.

Zaidi ya yote, kumbuka meza si yako. Anayekufungulia mlango anawafungulia watu uso wake. Ukitoka hapo na oda nyingi naye akabaki bila uso, hujauza, umeiba.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mikono isiyochoka na mpini usiochomoka. Akupe wateja wenye maswali, na kinywa cha kuwajibu. Na siku jina la kwenu litakapoitwa sokoni, mbele ya watu, ugeuke bila kuogopa kitakachofuata.